Kibali cha Kumpiga Mama Picha

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote wa nyumba hii, wanaokukumbuka na wanaojifanya wamekusahau. Mimi mzima, ila goti hili la kukanyagia cherehani limeanza kudai pensheni. Dada yako bado anabeba mimba yake, na miguu imemvimba mpaka anavaa viatu vya mumewe, na mumewe naye anakwenda kazini na ndala. Wateja wapo. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara, mwizi wa mikono ya magauni, ameiga tena mkono wangu wa puto, safari hii mpaka vifungo. Nilivuka barabara nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mshono ni mali ya aliyeubuni. Akanijibu kwamba mkono ni mkono tu, kila mtu anao. Tumenuniana.

Unauliza mbona sikupigii simu. Mwanangu, kwenye simu kila nikikuuliza jambo zito mtandao unakatika. Barua haikatiki.

Sasa lililonikalisha kitako niandike. Walikuja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu. Barabara inapanuliwa, na ukuta wa mbele wa duka utavunjwa pamoja na baraza. Mimi na cherehani turudi nyuma, kwenye kile chumba cha majora ya vitambaa. Hilo nimelikubali. Barabara ni ya wote, na mimi sina ubavu wa kushindana na katapila.

Lakini ukuta wenyewe ndio ule wenye picha yako. Sina haja ya kukukumbusha, ila nitakukumbusha. Picha zote za marehemu mama yako ziliteketea nyumba ya babu yako ilipoungua, wewe ukiwa bado unatambaa. Sura yake ikabaki kichwani mwangu mimi mdogo wake. Mwaka ule kabla hujasafiri ulinikalisha kwenye kigoda, ukashika brashi, nami nikawa nakuelekeza: pua ipunguze, jicho lile lilikuwa limelegea kidogo, hapana, si hivyo, hivi. Ulipomaliza nikamwona dada yangu kabisa, ameketi na mimi kwenye cherehani moja, ananitazama. Nililia mpaka mteja akaondoka na gauni ambalo halijapigwa pasi.

Nataka Cheka Kidogo aipige picha hiyo, nzuri na kubwa, kabla ya katapila. Unamkumbuka Cheka Kidogo, mpiga picha wa pale kona, anayemwambia kila mtu "cheka kidogo" hata mfiwa. Tatizo ni wewe. Mwaka jana uliniandikia kwamba sasa unatambulika, kazi zako zina hakimiliki, na nisimruhusu mtu yeyote kupiga picha ukuta. Nimekutii kuliko ulivyowahi kunitii wewe. Nimefukuza maharusi na wasimamizi wao. Nimefukuza wanafunzi pamoja na mwalimu. Mwenye kuchomoa simu nilimtoa na ufagio. Hakuna picha hata moja ya ukuta ule, na mtaa mzima unajua sababu. Sasa mimi niliyewaita watu wezi siwezi kuonekana napiga picha kimyakimya. Fundi wa ng'ambo atapata la kusema mpaka kiama.

Niandikie mstari mmoja tu: "Mama, piga." Nitaubandika dukani ausome kila mpita njia, halafu nimwite Cheka Kidogo. Katapila wanasema litafika mvua zikiisha, kwa hiyo muda upo, lakini si wa kuchezea.

Mama yako mdogo


Tarehe 1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikaisoma jikoni, maana ndiko ninakofanyia kazi siku hizi. Mwenye nyumba amenikataza rangi chumbani, kwa hiyo napaka jikoni, na chakula changu chote kina ladha ya tapentaini. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Zaidi ya hapo sijambo kabisa. Mpe pole dada na miguu yake, na shemeji na ndala zake.

Mambo yangu yanakwenda. Wiki iliyopita niliweka kazi zangu kwenye maonyesho pamoja na wenzangu. Bwana mmoja alisimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu sana, mpaka nikajipa moyo nikamsogelea nimweleze nilichokusudia. Kumbe alikuwa kwenye foleni ya choo. Hata hivyo alisema rangi ni nzuri.

Kuhusu jambo lako, Mama, ngoja nikueleze sheria ilivyo, kwa sababu watu wengi wanaielewa vibaya. Jengo lililo barabarani, unaruhusiwa kulipiga picha. Sanamu iliyosimama uwanjani, unaruhusiwa. Lakini mchoro bapa ulio ukutani, hata kama uko nje, hata kama mbuzi wanaupita kila siku, hauruhusiwi kupigwa picha ya biashara bila kibali cha mwenye haki. Shabaha ya sheria ni kutulinda sisi tunaotoka jasho. Wewe mwenyewe na mikono yako ya puto unajua uchungu wa kuibiwa ubunifu.

Ombi lako ni zuri na ninalo moyoni. Naomba tu uvute subira kidogo, kwa maana kuna watu ninaoshauriana nao katika mambo kama haya. Huenda bwana mmoja akapita hapo kuuona ukuta. Mpokee vizuri, ni mtu wa watu. Na asante sana kwa kuulinda, Mama. Usiache.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Sote wazima. Dada yako sasa hata viatu vya mumewe vimemkataa. Mvua imeanza na bati la nyuma linavuja juu ya kitambaa cha suti ya watu, nimeweka sufuria.

Nilikuomba mstari mmoja ukaniandikia ukurasa, na mstari wenyewe haumo. Nimeutafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Huyo mtu wa watu amefika. Ana viatu vyenye ncha kali kama sindano namba kumi na nane, na begi la ngozi lenye karatasi mbili ndani. Hakusalimia, alianza kupima. Akatoa futi, akapima ukuta, akampima mama yako kuanzia kilemba mpaka kanyagio la cherehani, akanipima na mimi wa ukutani. Nikamuuliza kama anataka kutushonea. Akasema anasajili. Akauliza mwenye ukuta nani, nikasema mimi. Mwenye picha nani, nikasema mwanangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari, akasema mwenye picha ni kampuni.

Nikamwambia mwanangu yu hai, kampuni imemrithi lini? Akasema sheria iko wazi. Basi nikamwonyesha uso wangu ukutani, nikamwonyesha na uso wangu wenyewe, nikauliza: na huyu ni wa nani? Akatazama wote wawili, akasema wa ukutani ni sehemu ya kazi. Nikamuuliza la sanamu, maana nilikuwa nimesoma kwako. Akathibitisha kwamba sanamu ningeipiga picha mpaka nichoke, kwa kuwa ina tumbo na mgongo. Mwanangu, ningejua ningekuambia umchonge mama yako.

Akaona nimenyong'onyea, akaniambia kuna mlango mmoja. Mtu anaruhusiwa kupiga picha mwenyewe, kwa matumizi ya nyumbani. Nikasema hilo ndilo nalitaka, picha ikae nyumbani. Akataka kujua nyumbani kwangu ni wapi. Nikampeleka nyuma ya majora nikamwonyesha kitanda. Akakitazama kitanda, akatazama cherehani, akatoa uamuzi kwamba hapa ni mahali pa biashara. Nikamuuliza nilale wapi ili niwe na nyumbani. Swali hilo aliliandika, lakini hakulijibu.

Kilichomshtua hasa ni ile alama nyekundu ya X waliyopiga watu wa barabara, maana waliipiga juu ya aproni ya mama yako. Alishika kiuno. Alisema huo ni ukatili dhidi ya kazi ya sanaa na kampuni itawaandikia barua kali. Nikafurahi, nikadhani tumepata mtetezi. Nikauliza: basi ukuta hautavunjwa? Akasema kuvunjwa ni jambo jingine. Sheria inakataza kuichafua kazi, haikatazi kuiondoa.

Kisha akatundika turubai la bluu juu ya ukuta wote, juu mpaka chini, akafunga kamba, kwamba kazi isipigwe picha wakati shauri likiendelea. Na amekodi chumba hapo jirani ili alilinde. Mtaa umeshambatiza Bwana Miliki. Asubuhi nikifungua duka naona turubai, sasa simwoni dada yangu. Nimemzoea miaka yote hii, namsalimia, na sasa nasalimia plastiki.

Nijibu hili moja, na usinizungushe. Umemuuza mama yako?

Mama yako mdogo


Tarehe 12 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini bati limezibwa. Huku theluji imekwisha, imebaki tope. Dada amejifungua?

Mama, kuuza ni neno zito. Nimewakabidhi wenzangu hao usimamizi wa kazi zangu, ili mimi nipate nafasi ya kuchora. Wasanii wote wa maana wanafanya hivyo. Kulikuwa na hafla ndogo, karatasi zilikuwa nyingi, na kila mtu alikuwa anapiga makofi. Ni jambo la kawaida kabisa.

Njia rahisi ni kupeleka ombi rasmi kwa Bwana yule. Jaza vizuri, usigombane naye. Mimi nitasukuma kwa upande wangu.

Turubai hata mimi sikulitegemea.

Mwanao


Tarehe 5 Mei

Mwanangu,

Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, na tumempa jina la mama yako. Ana jicho lile lililolegea kidogo. Mkunga alisema ni usingizi. Mimi najua si usingizi. Nimeamua huyu mtoto lazima aione sura ya bibi yake aliyempa jina, hata kama itanibidi nimvae Bwana Miliki shingoni.

Nilikwenda kuomba rasmi kama ulivyoshauri, nikiwa nimevaa gauni langu la mikutano. Jambo la kwanza walilotaka niambatanishe ni picha mbili za kazi husika, zinazoonekana vizuri, za rangi. Nikamwambia Bwana Miliki: naomba kibali cha kupiga picha, na ili nipate kibali nilete picha. Akasema ndiyo utaratibu, vinginevyo kampuni itajuaje nazungumzia kazi gani. Nikamuuliza kama kampuni haijawahi kuiona. Akakiri kwamba hapana, wao wanailinda tu.

Kwa huruma akanikubalia niandike maelezo badala ya picha. Nikakaa siku nzima. Nikamweleza dada yangu alivyo: kilemba, shavu, mshono wa aproni, mkono ulivyoshika kitambaa, jinsi anavyonitazama kama anataka kunicheka na anajizuia. Nilipeleka kurasa tatu. Akazisoma zote, akatoa leso, akapenga kamasi, halafu akazikataa. Maelezo yakiwa mazuri kupita kiasi, anasema, yanahesabika kuwa nakala ya kazi. Akanirudishia kipande kidogo nijaze tena. Nimeandika: "Wanawake wawili, cherehani moja." Hiyo imepita, sasa tunasubiri wakubwa.

Huku nje turubai limekuwa mashuhuri. Maharusi wameona rangi yake inakaa vizuri na shela nyeupe, wanajipanga mbele yake kila Jumamosi, na Cheka Kidogo kazi imemnogea. Bwana Miliki ametoka kuwatazama, ana wasiwasi. Amekwenda kuulizia kiwandani kama turubai nalo lina mbunifu.

Na watu wa barabara wamemjibu barua yake kuhusu ile X. Wameomba radhi kwa kuichafua kazi ya sanaa, na wameahidi kuiondoa X hiyo pamoja na ukuta.

Sasa nikuambie lililonichoma. Fundi wa ng'ambo alivuka barabara, mara ya kwanza tangu tununiane, ameleta kigauni cha mtoto. Amekishona mwenyewe, na mkono wake ni wa puto, wangu, lakini siku hiyo nilinyamaza. Akakaa, akanywa chai. Akaniambia dirisha lake la juu linatazamana na ukuta wangu, kwamba saa ya chakula Bwana Miliki hufunga mlango na kusinzia, na kwamba tukilifungua turubai kamba mbili tu, yeye na simu yake watamaliza kazi kabla chai haijapoa. Nikamtazama usoni nione kama ananicheka. Akasema, "Najua. Mkuki kwa nguruwe. Lakini mimi nilimjua dada yako, na mimi si wa kukusema."

Nikakataa. Nilimwambia mimi siibi. Akavuka barabara kurudi kwake, na tangu hapo sijashona kitu cha maana. Nimewapigia watu kelele miaka mingi kwamba kunakili ni wizi, mwanangu. Nitaanzaje leo kusema ni wizi isipokuwa wangu?

Mvua zinakwisha. Katapila liko njia panda, tunalisikia mchana kutwa. Chonde chonde, huo mstari.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu. Nilisoma jina lake nikatoka nje kutembea.

Nimechoka kukuzungusha. Nilisaini bila kusoma. Waliniambia orodhesha kazi zako zote, na kwa kuwa nilikuwa na aibu kwamba ni chache, nikaanza na ukuta. Nilitaka niwe mtu mwenye kazi nyingi. Tangu siku hiyo ukuta ni wao, picha ya ukuta ni yao, na picha ya picha pia. Kila ulipoandika nilikwenda ofisini kwao, na kila mara nilipewa kahawa.

Mwezi huu nilijaribu njia nyingine. Nilikaa jikoni nimchore upya kutoka kichwani. Kichwani hayumo, Mama. Nina kilemba, nina rangi ya aproni, uso unakataa. Mimi nilichora tu ulichosema wewe, mkono ulikuwa wangu lakini macho yalikuwa yako. Nilipowauliza kama ninaweza kuja kuutazama ukuta na kuuchora tena, walinijibu kwa upole kwamba itabidi niombe kibali, kwa sababu nitakuwa nanakili kazi ya msanii wao.

Kwa hiyo sikiliza. Mama, piga. Piga leo, barua hii ikiwa bado mkononi. Mwite Cheka Kidogo, mwite fundi wa ng'ambo na dirisha lake, mwite yeyote mwenye simu. Wakitaka kunishtaki wanishtaki mimi. Ningekuandikia hivi Februari, na niliogopa watu wenye begi.

Naomba unisamehe. Nataka kumwona.

Mwanao


Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mtoto ananyonya vizuri na ameongezeka. Dada yako amerudi kwenye viatu vyake. Tumehamisha cherehani kwenye chumba cha majora, kuna vumbi jingi lakini mwanga unatosha. Fundi wa ng'ambo amenisaidia kubeba meza ya kukatia.

Kutoka kwako sijapata barua tangu ile ya Aprili. Kuhusu ukuta leo sina la kuandika. Nimechoka.

Mama yako mdogo


Tarehe 30 Juni

Mama mpendwa, mama wa mama zote,

Shikamoo, tena shikamoo mbili. Barua yako fupi nimeipata, pole kwa uchovu wa kuhama. Pumzika, lakini usipumzike sana, kwa maana kibali kimetoka!

Nimekiambatanisha humu. Usione hivyo, kina mihuri mitatu na saini ya mtu ambaye hata mimi sijawahi kuonana naye. Mambo yaligeuka ghafla. Mkuu wa jumba moja la maonyesho alisikia habari za mchoro ambao hakuna mtu aliyewahi kuupiga picha, akasema lazima auonyeshe. Hao hao wa kampuni walionipa kahawa sasa wananiita ndugu. Wanataka picha ya ukuta, kubwa, ya kujaza chumba, chini yake waandike jina langu. Mimi nimewaambia waandike na lako, uliyekaa kwenye kigoda.

Masharti ni mepesi. Picha ipigwe mchana, bila mwanga wa kamera, na mpiga picha mmoja aliyetajwa kwa jina la kazi yake. Ionyeshe mahali pote kazi ilipo, bila kukata pembeni. Nakala mbili tu, moja ya kampuni, moja ya familia. Hiyo ya familia nimeipigania sana, Mama. Ni ya mtoto.

Kama ulishapiga kwa ile barua yangu ya mwanzo wa mwezi, nyamaza nayo, piga tena kihalali. Kitanda changu nimekisogeza. Ukuta wa chumba sasa uko wazi, nimeufuta, namsubiri aje akae hapo. Mwenye nyumba nimemwambia ni mama yangu, amekubali.

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 24 Julai

Mwanangu,

Salamu za nyumbani. Mtoto ameanza kucheka. Fundi wa ng'ambo siku hizi anakunywa chai kwangu kila asubuhi, na ule mkono wa puto nimemwambia ashone tu.

Nikae chini nikuambie, kwa sababu sina tena nguvu ya kuficha. Ukuta ulivunjwa tarehe tano Juni. Barua yako ya "Mama, piga" niliipokea tarehe ishirini na sita. Niliisoma nimesimama kwenye kifusi. Ile barua yangu fupi nilikuandikia nikiwa tayari najua, na nilishindwa kuiweka habari hiyo kwenye karatasi. Wewe ulikuwa na mambo yako usiyotaka kuyasema, na mimi nikapata langu.

Katapila lilikuja asubuhi. Mtaa wote ulitoka, na wote walikuwa na simu mikononi. Nilimwomba Bwana Miliki alifunue turubai nimtazame dada yangu mara ya mwisho, kwa macho tu, bila kamera yoyote. Akatazama zile simu, akasema hawezi, kukiwa na watu wengi namna ile mtu mmoja hawezi kukosa kupiga. Alisema kwa adabu, na nadhani yeye mwenyewe hakupenda. Nikawageukia watu, nikawaomba waweke simu mifukoni. Wakaziweka wote, mwanangu, hata watoto. Wananijua, si niliwafunza mwenyewe na ufagio? Bwana Miliki akaanza kufungua kamba ya kwanza, na dereva wa katapila akapiga honi kwamba ana ratiba. Ukuta ukaenda na turubai lake. Hatukuona chochote ila bluu. Fundi wa ng'ambo alilia kwa sauti kuliko mimi.

Bwana Miliki alibaki pale akitafuta turubai kwenye kifusi, kwa kuwa ni mali ya kampuni. Kisha akafunga begi akaondoka.

Nimekukasirikia, sitakuficha. Nilikuomba maneno mawili tu, ukayaleta watu wameshazoa matofali. Na nimejikasirikia mimi, niliyesimama mlangoni na ufagio kumlinda dada yangu dhidi ya kila mtu ambaye angemwokoa. Bwana harusi mmoja tu ningemwachia, leo tungekuwa naye. Njoo nyumbani ukasirikiwe karibu, ndio dawa yake. Barua imenichosha.

Kibali chako nilikipokea na nimekitumia, maana kimepatikana kwa shida na mimi si mtu wa kupoteza ruhusa. Nimefuata kila sharti. Nilimwita Cheka Kidogo saa sita mchana, hakuwasha mwanga. Alisimama pale pale ambapo angesimama. Alizoea kusema neno lake na safari hii hakulisema. Ameonyesha mahali pote kazi ilipokuwa, hakukata pembeni. Nakala mbili: moja nimeituma kampuni, wajaze nayo chumba chao. Hii iliyomo humu ni yako, itundike kwenye ukuta uliousafisha.

Utaona lami mpya, lori la kokoto linapita, na mbuzi wawili wanasubiri kuvuka. Mimi nilikuwa upande wa kulia, hapo kwenye lori. Mama yako ni hapo kwenye mbuzi.

Mama yako mdogo